Sanaa ya Haiti na Mapambano ya Uhuru: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa nini tuzungumzie sanaa wakati habari zote za Haiti ni za magenge na njaa?

Wengi wetu tulianza kuifuatilia Haiti Juni 2024, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilipotua Port-au-Prince. Tangu hapo, nchi hiyo ikitajwa redioni, msikilizaji anajiandaa kusikia habari za risasi. Habari hizo ni za kweli na sitaki kuzipunguzia uzito. Lakini Haiti ndiyo nchi pekee ambako watu waliokuwa watumwa waliinuka, wakalishinda jeshi kubwa la Ulaya na kuunda dola yao wenyewe. Wengi wa waliofanya hivyo hawakujua kusoma wala kuandika. Daftari za mashamba, orodha za meli na barua za magavana ziliandikwa na waliowamiliki. Upande wao wa habari waliuhifadhi kwingine: kwenye ngoma, bendera, chuma, turubai, barakoa za kanivali, hata kwenye chungu cha supu.

Ndiyo maana anayeichukulia sanaa ya Haiti kama mapambo ya sebuleni anapitwa na kiini chake. Hiyo ndiyo hifadhi ya nyaraka ya taifa lile, na ndivyo ninavyoisoma katika majibu yote yanayofuata.

Uhuru wenyewe ulipatikanaje?

Koloni hiyo iliitwa Saint-Domingue, theluthi ya magharibi ya kisiwa cha Hispaniola, na ilikuwa mali ya Ufaransa. Kufikia 1789 ilikuwa na watumwa karibu nusu milioni na wazungu wapatao 30,000. Miwa na kahawa yake vilizitajirisha bandari za Ufaransa. Kazi ya mashambani iliua watu haraka mno, na wenye mashamba waliona nafuu kununua wengine kuliko kuwatunza waliokuwapo. Ndiyo sababu wengi wa watumwa hao walikuwa wamezaliwa Afrika na waliyakumbuka maisha ya uhuru.

Agosti 1791 watumwa wa mashamba ya kaskazini walikutana usiku mahali panapoitwa Bois Caïman. Simulizi za Wahaiti huwataja Dutty Boukman na Cécile Fatiman kuwa ndio walioongoza ibada na kiapo cha usiku ule. Usiku wa kuamkia tarehe 23 mashamba yakaanza kuteketea. Mapigano yakawalazimisha wajumbe wa Ufaransa kutangaza mwisho wa utumwa kisiwani 1793, na Paris ikaidhinisha Februari 1794. Toussaint Louverture, aliyezaliwa utumwani, akawa jemadari na mtawala.

Kisha Napoleon akataka kurudisha mambo ya zamani. Mwishoni mwa 1801 alituma jeshi chini ya shemeji yake, jenerali Leclerc. Toussaint alikamatwa kwa hila, akapelekwa kwenye ngome ya Fort de Joux katika milima yenye baridi kali ya Ufaransa, akafia humo tarehe 7 Aprili 1803. Jean-Jacques Dessalines aliendeleza vita. Tarehe 18 Novemba 1803, huko Vertières, Wafaransa walishindwa kabisa, na tarehe 1 Januari 1804 mjini Gonaïves uhuru ukatangazwa. Dola mpya ikachukua jina walilokuwa wakikiita kisiwa hicho wenyeji wa kwanza, Wataino, ambao wakoloni wa Kihispania walikuwa wamewamaliza karibu wote.

Je, walikuwamo watu kutoka pwani yetu?

Ndiyo, ingawa walikuwa wachache wakilinganishwa na waliotoka Afrika Magharibi na ya Kati. Moreau de Saint-Méry, mwanasheria aliyeieleza koloni hiyo kwa kirefu mwishoni mwa karne ya 18, anawataja watumwa walioitwa Wamsumbiji, na miongoni mwao watu wa Kilwa, wa Kerimba na wa Mafia. Miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa Kifaransa walikuwa wakinunua watu kwenye bandari zetu. Mkataba wa 1776 kati ya Mfaransa Morice na sultani wa Kilwa, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, unajulikana vizuri. Wengi walipelekwa kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini meli nyingine zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Karibi. Kwa hiyo mtu wa Mafia anayesoma habari za 1791 asidhani anasoma habari za watu wa mbali asiohusiana nao.

Waliokuwa wengi zaidi katika miaka ya mwisho ya koloni ni watu wa ufalme wa Kongo na maeneo ya jirani, upande wa Atlantiki. Athari yao inaonekana hadi leo katika ngoma, katika majina ya mizimu kama Simbi, na katika michoro ya njia panda inayochorwa kwa unga sakafuni wakati wa ibada.

Uhusiano huo ulipata sura mpya Kongo ilipopata uhuru 1960. Walimu, madaktari na wataalamu wa Kihaiti walikwenda kufanya kazi huko, wengine wakiukimbia utawala wa François Duvalier. Mwongozaji filamu Raoul Peck alikulia Kinshasa kwa sababu hiyo, na baadaye maisha ya Patrice Lumumba yakawa sehemu kubwa ya kazi yake.

Bendera ya Haiti ina hadithi gani?

Inasimuliwa kwamba tarehe 18 Mei 1803, kwenye mkutano wa majemadari huko Arcahaie, Dessalines alichukua bendera ya Ufaransa akaung'oa ule ukanda mweupe wa katikati. Catherine Flon akaushona wa buluu na wa nyekundu pamoja. Wahaiti wengi huufahamu ukanda ule kama mkoloni mwenyewe, na rangi mbili zilizobaki kama weusi na machotara walioungana. Mshonaji huyo yumo katika michoro isiyo na idadi, ameketi na sindano mkononi. Napenda kwamba taifa hili, linapokumbuka kuzaliwa kwake, linamweka mshonaji mbele sawa na askari.

Sanamu ya mtu anayepuliza kome ni ya nani?

Huyo ni Nèg Mawon, mtoro asiyejulikana jina. Ameinama kwa goti moja, mguu wa pili umenyooshwa nyuma, na kifundoni mwake unaning'inia mnyororo uliokatika. Mkono mmoja umeshika panga. Wa pili umepeleka kinywani kome kubwa la baharini, na kichwa chake kimeinuliwa juu ili sauti ifike mbali. Hivyo ndivyo watoro waliojificha milimani walivyoitana.

Sanamu hiyo ya shaba nyeusi ilitengenezwa na Albert Mangonès mwaka 1967, na iko mkabala na eneo la Ikulu jijini Port-au-Prince. Iliagizwa na serikali ya Duvalier, dikteta aliyewatesa na kuwaua raia wake, na watu huuliza kama jambo hilo haliitii doa. Jibu langu ni kwamba mwenye kulipia sanamu hamiliki maana yake. Duvalier aliondoka, mwanawe aliyemrithi akafukuzwa na umma Februari 1986, na mtoro bado anaita. Tetemeko la 2010 liliiangusha Ikulu nyuma yake, yeye hakuanguka. Umoja wa Mataifa uliwahi kuitumia picha yake kwenye stempu ya posta kuelezea kifungu cha Azimio la Haki za Binadamu kinachokataza utumwa. Kati ya sanamu zote za uhuru ninazozijua, hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu shujaa wake hana cheo, hana farasi, hana jina.

Vodou inatajwa kila mahali. Si uchawi huo?

Swali hili huulizwa kuliko yote. Msomaji Mkristo au Mwislamu ana haki ya kubaki na imani yake, na hahitaji kuibadilisha ili aielewe sanaa hii. Lakini vitisho vya filamu, wafu wanaotembea na vidoli vilivyochomwa sindano, havifundishi chochote kuhusu Haiti.

Vodou ni dini iliyojengwa na watu waliotoka mataifa mengi ya Afrika, wakatupwa pamoja kwenye mashamba wasikoruhusiwa kuabudu kwa njia zao. Humo mna Mungu mmoja Muumba, na chini yake mna lwa, mizimu inayohusika na maisha ya kila siku: vita, bahari, mapenzi, kilimo, makaburi. Sheria ya wakoloni iliwalazimisha watumwa kubatizwa. Wao wakazichukua picha za watakatifu na kuwaona lwa wao ndani yake. Mtakatifu Yakobo mwenye upanga juu ya farasi akawa Ogou, lwa wa chuma na vita. Mtakatifu Patrick mwenye nyoka miguuni akawa Danbala. Bikira Mweusi wa Częstochowa wa Poland, mwenye makovu shavuni, akawa Ezili Dantò, mama mkali anayewatetea wanawe. Kuhusu huyu wa mwisho, wengi huamini picha yake ililetwa na askari wa Poland waliotumwa na Napoleon, ambao baadhi yao waliasi wakajiunga na Wahaiti.

Hata baada ya uhuru imani hiyo haikupumzika. Sheria ya 1935 ilikataza ibada hizo, na mwaka 1941 na 1942 Kanisa Katoliki, likisaidiwa na serikali, liliendesha kampeni ya kuchoma ngoma na vifaa vitakatifu. Fikiria ni kazi ngapi za mikono ziliteketea katika miaka hiyo miwili. Katiba ya 1987 iliiondoa sheria ile, na 2003 serikali ikaitambua Vodou rasmi kama dini.

Katika kazi zilizozaliwa na imani hiyo, ningemshauri mgeni aanze na drapo, bendera za hekaluni. Kitambaa hutandazwa kwenye fremu, na vimetameta na shanga hushonwa kimoja kimoja hadi uso wote ujae. Kazi ya ukubwa wa mlango huchukua miezi mingi na mikono kadhaa. Bendera hizo hutolewa mwanzoni mwa ibada kuwapokea lwa, na namna zinavyobebwa na kuinamishwa inakumbusha gwaride la jeshi. Myrlande Constant aliibadilisha sanaa hii, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume. Alijifunza kushona shanga kiwandani, kwenye magauni ya harusi, akaacha ajira hiyo na kuanza kushona visa vizima: wafu, wakulima, askari, lwa, wote kwenye kitambaa kimoja kikubwa. Mwaka 2022 kazi zake zilionyeshwa kwenye maonyesho makuu ya Venice.

Zile sanamu za bati zinatengenezwaje?

Zinatokana na mapipa ya mafuta. Mtaa wa Noailles, mji wa Croix-des-Bouquets nje kidogo ya Port-au-Prince, ndio makao ya ufundi huu, na zamani mgeni aliusikia kabla ya kuuona kwa sababu ya nyundo.

Fundi hununua pipa tupu. Anakata kifuniko na kitako, anapasua ubavu kutoka juu hadi chini, anajaza majani makavu ndani na kuyatia moto ili mabaki ya mafuta na rangi yaungue. Likishapoa, pipa linafunguliwa na kukanyagwa au kugongwa hadi liwe bati bapa lenye urefu wa karibu mita mbili. Fundi huchora kwa chaki. Kisha ni patasi na nyundo tu: kukata, kutoboa, kuinua mistari kutoka nyuma ili sura ipate kifua na misuli. Mwishoni bati hupakwa vanishi lisishike kutu.

Aliyeanzisha njia hii ni Georges Liautaud, aliyezaliwa 1899, mhunzi aliyetengeneza misalaba ya chuma ya makaburini. Mwaka 1953 DeWitt Peters, Mmarekani aliyekuwa akiongoza Centre d'Art, kituo cha sanaa cha Port-au-Prince, aliiona misalaba hiyo akamtafuta aliyeifua. Baada yake wakaja Murat Brierre, Gabriel Bien-Aimé, Serge Jolimeau na wengine wengi, na kaka akamfundisha mdogo wake, jirani akamfundisha jirani.

Ona pia nini kinachofanyika hapo. Chuma ndicho kilichotengeneza pingu za mababu zao. Ogou, lwa wa chuma, ndiye anayetajwa kuwa alisimama nao vitani. Pipa lililofika kisiwani na mzigo wa biashara za wengine, na kutupwa lilipomalizika, linageuka nguva, mti wa uzima, ndege wenye nyuso za watu.

Ni kweli kwamba uchoraji wa Haiti ulianza 1944?

Hapana, na dai hilo linanikera. Mwaka 1944, tarehe 14 Mei, ndipo Centre d'Art ilipofunguliwa Port-au-Prince, na kazi yake ilikuwa kubwa mno. Lakini Henri Christophe, mfalme wa kaskazini mwa Haiti, alimleta mchoraji wa Kiingereza Richard Evans kwenye jumba lake la Sans-Souci yapata 1816, na huko uchoraji ukafundishwa. Mwaka 1822 Guillaume Guillon-Lethière, mchoraji aliyezaliwa Guadeloupe na mama aliyekuwa mtumwa, aliyepata sifa kubwa Ufaransa, alichora Dessalines na Pétion, jemadari wa machotara, wakila kiapo cha umoja juu ya minyororo iliyokatika, akaitoa picha hiyo zawadi kwa Haiti. Aliifanya kazi hiyo wakati Ufaransa ilikuwa haijautambua uhuru wa nchi hiyo.

Centre d'Art iliwapa wachoraji wa kawaida mahali pa kuuzia na rangi za kutosha. Maarufu kuliko wote ni Hector Hyppolite wa Saint-Marc, kuhani wa Vodou aliyechora kwa manyoya ya kuku na rangi za kupakia nyumba. Desemba 1945 mshairi wa Ufaransa André Breton alizuru, akaziona picha zake akazinunua, na jina la Hyppolite likavuka bahari. Alifariki 1948, baada ya miaka michache tu ya kuchora kwa wingi usio wa kawaida.

Tatizo likaja baadaye. Wanunuzi wa nje walitaka Mhaiti asiyesoma, anayechora kama mtoto. Aliyesomea sanaa au aliyetaka kujaribu mitindo mipya hawakumtaka. Mwaka 1950 kundi la wasanii lilijitenga na kuanzisha Foyer des Arts Plastiques, kwa sababu walitaka kuchora maisha magumu ya watu wao na kujiamulia wenyewe. Luce Turnier, mmoja wa wachoraji wa kike wa kwanza kujulikana, alisoma New York na Paris akaendelea kuchora watu wa kawaida wa Haiti kwa utulivu na heshima kubwa. Mwaka 1973, katika milima ya Soissons-la-Montagne, wasanii Tiga na Maud Robart waliwapa wakulima na wafanyakazi rangi na udongo, wakaacha kila mtu achore kinachomjia. Ndipo likazaliwa kundi la Saint-Soleil, na Louisiane Saint Fleurant, aliyekuwa mpishi wao, akawa miongoni mwa nyota zake.

Kwa nini kuna picha ya mtu kama Yesu msalabani, lakini amefungwa kwenye mlango?

Huyo ni Charlemagne Péralte. Marekani iliivamia Haiti 1915 na kuikalia hadi 1934. Wanajeshi wake walirudisha kazi ya lazima ya kujenga barabara, wakulima wakifungwa kamba na kuswagwa kazini, katika nchi iliyojikomboa kutoka utumwani. Péralte aliongoza uasi. Alisalitiwa na kuuawa Novemba 1919.

Wamarekani waliuegemeza mwili wake kwenye mlango, wakaupiga picha na kuisambaza ili watu waone amekufa na wakate tamaa. Mwili ulikuwa karibu uchi, kichwa kimelala upande, bendera ya Haiti iko nyuma ya kichwa. Watu walipoitazama picha ile waliona Ijumaa Kuu. Philomé Obin wa Cap-Haïtien, mchoraji aliyejitolea kuandika historia ya nchi yake kwa brashi, aliichora kama kusulubiwa, mama yake Péralte akisimama kando kwa nguo za msiba. Karatasi iliyotengenezwa kutisha watu ikawa sanamu ya heshima. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kile sanaa ya Haiti inachokifanya kwa nguvu ya mkubwa.

Kama walishinda, mbona wamebaki maskini?

Kwa sababu walitozwa faini kwa kujikomboa. Mwaka 1825 mfalme Charles X wa Ufaransa alituma manowari na sharti: Haiti ilipe faranga milioni 150 kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa, ndipo itambuliwe. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi milioni 90. Ili kulipa, Haiti ilikopa kwenye benki za Ufaransa, na mkia wa madeni hayo ulimalizika 1947. Marekani nayo haikuitambua hadi 1862. Mengine, yakiwamo makosa ya watawala wa Haiti wenyewe, yapo na ni mengi, lakini anayeanza hesabu bila 1825 anaanzia katikati.

Ngome ya Citadelle nayo ni sanaa?

Kwangu ni sanaa. Christophe aliijenga juu ya mlima takriban mita 900 kutoka usawa wa bahari, ili Wafaransa wakirudi wakute mizinga inawasubiri. Hawakurudi kwa silaha. Pamoja na Sans-Souci iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1982. Isifichwe kwamba ilijengwa kwa jasho la maelfu waliolazimishwa kufanya kazi, na wengi walikufa hapo.

Kuna uhusiano gani kati ya kanivali na uhuru?

Nenda Jacmel, mji wa pwani ya kusini, wenye mafundi wa barakoa za karatasi na gundi. Majitu, wanyama na wanasiasa wanapita mitaani wakiwa wamekuzwa vichwa. Katikati yao wanatokea Lansèt Kòd: wanaume waliojipaka masizi ya mkaa yaliyochanganywa na shira ya miwa, wanang'aa weusi, wana pembe kichwani na kamba mikononi. Wanakimbiza watu, watu wanapiga mayowe na kucheka. Wenyewe husema wanaonyesha utumwa na kuvunjwa kwake, na mkaa pamoja na miwa vinajieleza.

Kanivali ikimalizika inaanza rara, misafara ya Kwaresima hadi Pasaka. Mianzi mirefu inayoitwa vaksin hupulizwa, kila mmoja ukitoa noti moja tu, na wimbo unazaliwa kwa kupokezana. Nyimbo zake zimejaa mafumbo na vijembe kwa wakubwa. Aliyekulia kwenye taarabu ataelewa mara moja kwa nini watawala wamekuwa wakiziogopa.

Na ile supu?

Soup joumou ni supu ya boga yenye nyama ya ng'ombe, viazi, karoti, kabichi, tambi na pilipili. Inasimuliwa kwamba watumwa waliipika lakini hawakuruhusiwa kuionja, ilikuwa ya mezani kwa bwana. Tangu 1 Januari 1804 kila Mhaiti huinywa siku ya uhuru, nyumbani au uhamishoni, na jirani asiye nacho hupelekewa bakuli. Desemba 2021 UNESCO iliiandikisha kama urithi usioshikika, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Haiti kuingia kwenye orodha hiyo.

Tetemeko la 2010 liliharibu nini?

Tarehe 12 Januari 2010, kwa hesabu ya serikali, watu zaidi ya 200,000 walikufa, na hakuna mchoro unaopimwa na maisha hata moja. Lakini sanaa nayo ilizikwa. Jengo la Centre d'Art lilianguka. Mkusanyiko mkubwa wa familia ya Nader ulifukiwa ukiwa na maelfu ya picha. Kanisa kuu la Kianglikana la Utatu Mtakatifu lilikuwa na kuta zilizochorwa 1950 na 1951 na mabingwa wa wakati ule, Biblia nzima ikiwa na watu weusi, masoko ya Haiti na vilima vya Haiti. Michoro ilikuwa 14, ikabaki mitatu: Ubatizo wa Yesu wa Castera Bazile, Karamu ya Mwisho ya Philomé Obin, na maandamano ya Préfète Duffaut. Harusi ya Kana ya Wilson Bigaud ilivunjika vipande. Wataalamu wa Kihaiti, wakishirikiana na taasisi ya Smithsonian ya Marekani, waliiondoa ile mitatu ukutani na kuihifadhi.

Wakati huo huo kijana wa rangi za kupuliza, Jerry Rosembert Moïse, alikuwa akichora kwenye kuta zilizosalia ramani ya Haiti yenye macho yanayotoa machozi na mikono iliyokunjwa kuomba. Hakuna aliyemwagiza.

Wasanii wanaishije sasa chini ya magenge?

Kwa shida kubwa. Mafundi wengi wa Noailles wameacha karakana zao na kukimbia. Kwenye barabara ya Grand Rue, katikati ya Port-au-Prince, André Eugène, Jean Hérard Céleur na wenzao wa kundi la Atis Rezistans walikuwa wakiunda sanamu kwa vyuma vya magari, matairi na mbao kuukuu, na tangu 2009 waliwaalika wasanii wa dunia waje mtaani kwao badala ya kusubiri visa ambazo hunyimwa. Eneo hilo nalo limeingia vitani. Julai 2025 hoteli ya kihistoria ya Oloffson, iliyokuwa nyumba ya pili ya wanamuziki na waandishi, ilichomwa moto. Kazi zinaendelea kutoka Cap-Haïtien, Jacmel na uhamishoni, lakini mtu aliyepoteza karakana amepoteza pia wanafunzi wake, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Vipi wenye asili ya Haiti walioko nje?

Jean-Michel Basquiat alizaliwa Brooklyn, baba yake akitoka Port-au-Prince, na Toussaint Louverture yumo kwenye picha zake. Edouard Duval-Carrié wa Miami huchora lwa wakivuka bahari kwenye mashua, kama wahamiaji. Hata wasio Wahaiti wamechota humo: Mmarekani mweusi Jacob Lawrence, akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini, alimaliza 1938 mfululizo wa picha 41 za maisha ya Toussaint.

Nitaziona wapi?

Ukiwa Marekani, Waterloo huko Iowa na Milwaukee huko Wisconsin zina mikusanyiko mikubwa ya umma, na Miami ina kituo cha utamaduni cha Little Haiti. Ukiwa Uingereza, Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa ya Liverpool ina sanamu iitwayo Uhuru, iliyoundwa 2007 na wasanii wa Grand Rue pamoja na Mario Benjamin kwa vyuma na taka walizookota. Jengo limefungwa kwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo ulizia kwanza. Ukitaka kununua bati la Noailles, mwulize muuzaji jina la fundi. Asiyelijua huenda anauza nakala ya kiwandani.

Kuna siku maalumu za kuadhimisha?

Nne hasa. Tarehe 1 Januari ni ya uhuru na supu. Tarehe 18 Mei ni ya bendera, na Mei nzima Wahaiti wa Marekani huifanya mwezi wa urithi wao. Tarehe 18 Novemba ni ya Vertières. Ile ya nne inatuhusu sote: tarehe 23 Agosti, ambayo UNESCO iliichagua kuwa siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake, kwa sababu ya usiku ule wa 1791. Mwalimu wa historia Kilwa, Bagamoyo au Zanzibar anayetafuta pa kuanzia somo lake anaweza kuanzia hapo, na awaonyeshe wanafunzi picha ya Nèg Mawon.